Unga wa Zawadi
Sehemu ya Tisa: Karatasi za Ijumaa

Bampa ya lori ilisimama mkono mmoja kutoka kifuani mwa Linet Mbeyu. Hakusogea.

Kwa msomaji aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo ni haya. Linet ni afisa wa ubora katika kiwanda cha Alfajiri Millers, mjini Voi. Mwezi mmoja uliopita alipima shehena ya mahindi kutoka upande wa Njukini, yaliyonyeshewa kabla hayajakauka, akakuta sumukuvu, ile sumu ya ukungu isiyoonekana wala kunukia. Kiwango kinachoruhusiwa ni kumi. Kipimo chake kilisoma mia nne na kumi na mbili. Aliyakataa. Magunia yakashonwa kwa uzi mwekundu, alama ya mahindi yasiyofaa kwa mtu wala mnyama, yakafungiwa Ghala la Tatu kungoja kuteketezwa.

Jumatatu hii asubuhi alikuta ghala ni tupu. Ndani ya pipa la taka kulikuwa na nyuzi nyekundu, zimekatwa.

Na langoni kulikuwa na lori limejaa unga wa msaada wa shule, injini inanguruma.

"Madam!" Dereva Mwangangi alitoa kichwa dirishani. "Ukitaka kufa nenda kwa reli, huko hakuna breki! Mimi nina watoto wanne!"

"Zima injini."

"Huu ni uji wa shule. Watoto wanangoja."

"Ndiyo maana nakwambia zima."

Nyuma yao, uwanjani, wafanyakazi mia moja na themanini walikuwa wamepanga mistari. Kila Jumatatu, saa moja na nusu, Alfajiri Millers hukariri maadili yake kabla mashine hazijawashwa.

"Tunasimamia nini?" aliuliza mkurugenzi kwa kipaza sauti.

"Uaminifu! Ubora! Utu! Uwajibikaji! Ush..."

Neno la tano lilikatika. Wote walikuwa wamegeuka kutazama lango.

Mkurugenzi Zephaniah alikuja bila haraka. Alivaa fulana ya kijani ya kampuni, ile yenye maneno matano mgongoni, sawa na mpakiaji yeyote.

"Linet. Kuna nini?"

"Unga huu umetoka Ghala la Tatu."

Alisema kwa sauti, na kila mtu alisikia. Hata Mwangangi alizima injini.

Zephaniah alitazama lori, kisha akamtazama Linet. Halafu akafanya jambo ambalo Linet hakulitarajia.

"Basi upime," alisema. "Hapa hapa. Mbele ya wote."

Kipimo kilitolewa maabara, kikawekwa juu ya meza iliyokuwa na spika. Linet alichagua mfuko mwenyewe, kutoka katikati ya shehena, asije akategewa mfuko wa juu. Alipima unga kwa mizani, akauchanganya na dawa, akachovya ukanda wa kupimia, akauingiza kwenye mashine ya kusomea. Dakika kumi. Watu mia moja na themanini walisubiri juani.

Mashine ililia.

"Sema, dada!" mtu alipiga kelele.

Linet aliangalia namba mara mbili.

"Tatu," alisema.

"Tatu kati ya ngapi?" aliuliza Zephaniah.

"Kumi."

Kicheko kilianzia kwa wapakiaji, kikazunguka uwanja wote. "Safi kuliko unga wa kwake!" alisema mmoja. "Rudi kanisani, Madam, Sabato haikukutosha!" alisema mwingine, na makarani wakashikilia mbavu.

Zephaniah aliinua mkono. "Msimcheke. Uaminifu ni pamoja na kuuliza. Na ni pamoja na kukubali ukikosea." Alipigiwa makofi. Lango likafunguliwa.

Linet alipanda kwenye ngazi ya lori, kando ya dirisha la dereva, kurudishia turubai. Hapo ndipo Mwangangi aliponong'ona, macho yake yakiwa barabarani.

"Madam, hii ni ya leo. Mimi ni wa Jumatatu, napeleka shule za huku chini. Wa milimani ni Mulinge, na yeye hupakia Jumamosi."

"Jumamosi hakuna unga wa shule."

"Jumamosi tatu sasa." Mwangangi aliwasha injini. "Nilidhani unajua. Karatasi zina mkono wako."

Lori likaondoka. Lilikuwa safi kabisa, na Linet alikuwa amepoteza saa nzima kulizuia.

*

Karatasi zenyewe zinahitaji maelezo mafupi, kwa sababu kila kitu kinazitegemea.

Linet ni Msabato. Jua likitua Ijumaa, hafanyi kazi mpaka jua litue Jumamosi. Lakini kiwanda hakifungwi Jumamosi, na hakuna lori linalotoka bila fomu ya kuruhusu shehena yenye saini ya afisa wa ubora. Miaka mitatu iliyopita walitafuta njia. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni, Linet hutia saini fomu nne zikiwa tupu, anazipiga mhuri, anamwachia Festus wa ghala. Jumamosi Festus anajaza namba za shehena. Jumatatu Linet anapewa nakala azikague.

Mwaka wa kwanza alizikagua. Mwaka wa pili alizipitia. Mwaka huu alikuwa akiziweka kwenye faili.

Kampuni ilipata cheti kwa mpango huo. Kimetundikwa ukutani pamoja na picha ya Linet akitabasamu. Chini yake pameandikwa: Tunaheshimu imani ya kila mfanyakazi.

Alipita chini ya picha hiyo akienda kwa Festus.

"Nipe faili la Jumamosi."

"Dada Linet, leo umeshatuchekesha vya kutosha..."

"Festus. Faili."

Kati ya fomu za shehena za kawaida kulikuwa na tatu za unga wa shule. Jumamosi tatu mfululizo. Kila moja mifuko mia mbili. Mahali pa kupeleka: shule tatu za Mghange, milimani. Matokeo ya kipimo: imepita. Na chini, kwa wino wa bluu, saini ya L. Mbeyu, ile yenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.

Shule ya kwanza kwenye orodha ndiyo anayosoma binti yake. Abby ana miaka minane, yuko gredi ya tatu, na anaishi na bibi yake huko Mghange kwa sababu mama yake anafanya kazi Voi. Linet hakuwa amepanda mlima kwa mwezi mzima. Alikuwa akiandika ripoti ya kampuni ya kuwania tuzo ya maadili.

"Wewe ndiye uliyeandika 'imepita'?"

"Wewe mwenyewe uliniachia."

"Nilikuachia karatasi, Festus. Sikukuachia sumu."

"Mimi najaza ninachoambiwa nijaze."

"Na nani?"

Festus aliweka kalamu chini. Aliinua macho kuelekea dari. Juu ya dari hiyo ni ofisi ya mkurugenzi.

Kando ya faili kulikuwa na fomu moja iliyobaki. Ya Ijumaa iliyopita, haikutumika. Ilikuwa tupu, ina mhuri, ina saini. Linet aliichukua, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Rudisha hiyo! Ni mali ya kampuni!"

"Soma jina lililo chini," alisema Linet, akapanda ngazi.

*

Zephaniah hakukana. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Kaa," alisema. "Funga mlango. Nilijua utafika, ila nilidhani itakuwa baada ya Alhamisi."

"Kuna nini Alhamisi?"

"Wakaguzi wa tuzo. Wewe ndiye uliyewaandikia."

Ilikuwa kweli. Ripoti ilikuwa mezani, kurasa arobaini na mbili, na jina la Linet kwenye jalada.

"Tusome pamoja," alisema Zephaniah. "Kabla ya maadili matano na kabla ya uji wa shule, tulisaga zamu moja. Leo ni zamu tatu. Wafanyakazi wanaoacha kazi wamepungua kwa nusu. Maduka makubwa ya Mombasa yanatupigia simu yenyewe. Nani aliandika haya?"

"Mimi."

"Na ukahitimisha nini?"

"Kwamba maadili yameinua utendaji."

"Basi. Wewe ni mtu wa takwimu, Linet. Takwimu zako ndizo hizi."

Linet aliitazama ripoti kama mtu anayetazama kipimo kilichokosewa.

"Nilipima kitu kingine," alisema. "Nilipima kwamba watu wakituamini wananunua zaidi. Kama tunastahili kuaminiwa, sikupima. Jedwali halikuwa na safu ya hilo."

"Wakaguzi hawaiulizi safu hiyo."

"Kwa nini hukuyateketeza? Ni shehena moja tu!"

"Kwa sababu tuliahidi kutotupa hata punje moja. Ukurasa wa kumi na tisa. Wewe uliandika kwa lugha nzuri sana. Kila gunia linaloteketezwa linaandikwa, na kila linaloandikwa linatutoa kwenye orodha ya tuzo." Zephaniah aliongea taratibu, kama mwalimu. "Sokoni nisingeweza kuyapeleka. Duka kubwa hupima. Mteja hulalamika, hurudisha. Lakini zawadi haipimwi na mtu yeyote. Na kwenye ripoti, mifuko ile inahesabiwa mara mbili: hatukutupa, na tumesaidia jamii."

"Ukawapa watoto."

"Niliyachanganya na mahindi mazuri."

"Kiasi gani?"

"Nusu kwa nusu."

Linet alipiga hesabu, kwa sababu ndivyo akili yake ifanyavyo hata inapotaka kulia. Nusu ya mia nne na kumi na mbili ni mia mbili na sita. Ili kufikia kumi, kila gunia bovu lingehitaji mazuri zaidi ya arobaini. Na moto wa jiko hauondoi sumukuvu. Uji unaweza kuchemka mpaka jioni, sumu inabaki vilevile.

"Naenda kwa watu wa afya," alisema.

"Nenda. Sitakuzuia, mlango hauna kufuli." Zephaniah alifungua mikono. "Wataanza na karatasi, maana karatasi ndiyo ushahidi. Karatasi ina jina gani?"

Linet alitazama jalada la ripoti.

"Si langu," alisema Zephaniah. "Mimi sijawahi kutia saini fomu ya shehena tangu kiwanda hiki kijengwe. Watauliza kwa nini afisa wa ubora hutia saini karatasi tupu. Utasema dini. Watauliza kama dini ilikukataza kuzisoma Jumatatu. Utasema nini?"

Mtu huyo alikuwa na hatia, na hoja yake ilikuwa sahihi.

"Kiwanda kikifungwa, watu mia moja na themanini wanarudi nyumbani. Wakulima wa Njukini na Chala hawana wa kumuuzia. Na wewe unalala ndani. Shehena yenyewe imekwisha, mifuko yote mia sita ilishapanda. Ukinyamaza, hakuna unga mwingine mbaya. Ukisema, hakuna uliotolewa utakaorudi. Nionyeshe faida iko wapi."

Linet alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika thelathini na nane.

Shuleni Mghange, uji huliwa saa nne.

*

Alimpigia simu mwalimu mkuu wa shule ya Abby akiwa kwenye ngazi.

"Mwalimu Sylus? Ni Linet, wa Alfajiri."

"Mama Abby! Habari ya Voi? Tunawashukuru sana, juzi tumepokea tena..."

"Mwalimu, usipike ule unga. Tafadhali. Una sumu."

Watoto walisikika wakisoma kwa pamoja darasani, jedwali la kuzidisha.

"Sumu gani, Mama Abby?"

"Sumukuvu. Ya ukungu. Inaharibu ini. Kuna watoto wanaoumwa?"

Mwalimu mkuu alishusha sauti. "Wengi hawakuja wiki iliyopita. Tumbo, kutapika. Wakati wa mvua tunajua ni maji."

"Si maji."

"Sasa sikiliza." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya ofisini. "Hapa nina watoto mia tatu na kumi. Wengine hawajatia kitu mdomoni tangu jana. Nikimwaga chakula cha msaada bila barua, kamati ya wazazi itanila mimi. Na barua niliyo nayo, nimeibandika hapa ukutani, inasema unga umepita. Ina saini yako."

"Najua."

"Basi nimwamini Linet yupi? Wa Jumamosi au wa leo?"

"Wa leo."

"Wa Jumamosi ana mhuri."

Linet aliingiza mkono mfukoni, akagusa karatasi iliyokunjwa.

"Nikikutumia karatasi yenye mhuri?"

"Ipige picha, unitumie kwa WhatsApp. Nikiiona, nazuia sufuria. Lakini fanya haraka, jikoni wameshawasha."

Aliitandaza fomu juu ya goti, pale pale kwenye ngazi. Akaandika tarehe ya leo. Akaandika namba za shehena zote tatu. Kwenye matokeo ya kipimo aliandika kwa herufi kubwa: IMEKATALIWA. SUMUKUVU, MAHINDI 412. ISILIWE. Saini ilikuwa tayari chini, imengoja tangu Ijumaa.

Alijua maana yake. Fomu hii ingewekwa kando ya zile tatu, na mtu yeyote mwenye macho angeona mkono mmoja ukisema ndiyo na hapana kuhusu mifuko ileile. Alikuwa ameandika hati ya mashtaka yake mwenyewe.

Alipiga picha, akatuma.

Tiki moja. Mtandao wa milimani ni wa kubahatisha. Saa tatu na dakika hamsini na moja. Tiki moja. Saa tatu na dakika hamsini na sita. Tiki mbili, za kijivu.

Saa nne na dakika mbili ziligeuka bluu.

"Nimeona," aliandika Mwalimu Sylus. "Nimewatumia na wakuu wa zile shule mbili. Naenda jikoni mwenyewe."

Linet aliegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi hadi mwisho.

Alipumua kwa dakika arobaini. Kisha simu ikalia. Haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya mama yake, Tryphena.

Tryphena hupika uji katika shule hiyo. Ni zamu ya wazazi, lakini yeye amezoea kuchukua zamu za wengine, kwa sababu Abby hula vizuri akipakuliwa na bibi yake.

"Linet!" Alikuwa akitweta kwa hasira. "Kuna mtu anatumia jina lako!"

"Mama, ngoja..."

"Mwalimu ameingia hapa na simu, ananionyesha karatasi, ati nimwage uji. Sufuria mbili! Nikamwambia mwalimu, miye namjua mtoto wangu. Hizi za Jumamosi ndizo za Linet. Hii ya leo imeandikwa na mtu mwenye wivu, anataka watoto wa huku juu walale njaa. Nikachota kikombe, nikanywa mbele yake. Wazazi wote wakaona."

"Mama, umekunywa?"

"Nimekunywa! Na watoto nimewapakulia. Mwalimu angefanya nini, anipige? Mia tatu na kumi, wamekula wote, wamerudi darasani. Sasa mtafute huyo mtu, umshtaki. Asichezee jina lako. Jina lako huku ndilo tunalokula."

Linet alikaa chini. Ngazi ilikuwa baridi. Uwanjani, mashine za zamu ya kwanza zilikuwa zimeshika kasi, na vumbi jeupe la unga likitoka kwenye mabomba ya paa kama kila siku.

"Mama," alisema. "Karatasi ya leo niliiandika mimi."

Nyuma ya Tryphena vikombe vya bati viligongana, mtu alikuwa akiviosha.

"Na zile za Jumamosi?"

"Saini ni yangu. Pia."

"Sikuelewi. Sema vizuri. Moja inasema kuleni, nyingine inasema msile. Zote ni zako?"

"Zote ni zangu."

Vikombe viliacha kugongana. Bila shaka mwoshaji alikuwa amesimama kusikiliza.

Tryphena alipozungumza tena, hasira ilikuwa imemtoka, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Linet alivyowahi kuisikia.

"Basi niambie la kufanya na Abby."

"Abby amefanya nini? Mama? Hayuko darasani?"

"Yuko nyumbani, amelala. Sikutaka kukusumbua na ile ripoti yako. Tangu Alhamisi tumbo limemvimba, hataki kuinuka, na macho, Linet, macho yamekuwa ya manjano kabisa. Hataki chakula kingine chochote. Nimekuwa nikimkorogea uji huohuo wa shule, kikombe asubuhi na kikombe jioni, na ninamwambia kunywa, mama yako ndiye aliyeupima."